Mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari: mwongozo kamili, kutoka tangazo hadi matokeo

Kwa miaka mingi, mshindi wa kwanza wa mashindano ya insha ya SADC (Jumuiya ya Maendeleo ya Nchi za Kusini mwa Afrika) kwa shule za sekondari amekuwa akipewa dola 1,500 za Marekani katika ngazi ya kanda, wa pili 1,000 na wa tatu 750. Katika ngazi ya taifa, zawadi ni dola 500, 300 na 200. Si fedha ndogo kwa familia yoyote ninayomfundishia mtoto. Hata hivyo, tangazo likibandikwa ubaoni wanaojaribu huwa wachache, na karibu wote ni wale wale wanaoshika nafasi za juu darasani.

Mwanafunzi wa kumi na tano darasani asijitoe mapema. Insha ya mashindano haisahihishwi kama insha ya mtihani. Anayepata A kila muhula anaweza kuandika kurasa sita safi zisizo na kosa hata moja, na bado akaachwa nyuma na mwenzake mwenye Kiingereza cha kawaida aliyeona jambo mtaani kwao na kulieleza sawasawa. Kinachowaangusha wanafunzi wetu mara nyingi ni mazoea ya darasani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu jinsi ya kuyaacha.

Chagua shindano linalokufaa

Usianze kuandika kabla hujajua unamwandikia nani. Kwa mwanafunzi wa ukanda wetu, haya ndiyo ya kuangalia kwanza.

Mashindano ya SADC hufanyika kila mwaka kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi wanachama, zikiwemo Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Insha huwa kati ya maneno 1,000 na 2,000. Hupitia wizara ya elimu ya nchi husika. Jopo la taifa huchagua tatu bora, na hizo ndizo zinazokwenda kushindanishwa na za nchi nyingine. Maana yake ni kwamba huandiki moja kwa moja Gaborone, makao makuu ya SADC, bali njia yako ni shule, kisha wizara.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina mashindano yake kwa shule za sekondari, na utaratibu unafanana: kwanza taifa, halafu kanda. Mwanafunzi wa Tanzania au wa Kongo ana bahati ya kuweza kuingia yote mawili, kwa kuwa nchi hizi zipo SADC na zipo Afrika Mashariki. Wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi anabaki na hili la pili.

Shindano la insha la Jumuiya ya Madola lilianza mwaka 1883, na linaendeshwa na Royal Commonwealth Society ya London. Lina makundi mawili: wadogo walio chini ya miaka 14, ambao ukomo wao ni maneno 750, na wakubwa wa miaka 14 hadi 18, ukomo maneno 1,500. Kushiriki ni bure, kazi hutumwa kwa mtandao, na lugha ni Kiingereza. Hulazimiki kuandika insha ya hoja, kwani shairi, barua au hadithi vinakubalika. Kuna vyeti vya dhahabu, fedha na shaba, hivyo hata usipokuwa mshindi mkuu unaweza kurudi na kitu cha kuweka kwenye faili lako. Kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza, mimi humshauri aanze na hili.

Lipo pia la Goi Peace Foundation ya Japani, lililoanza mwaka 2000. Hilo ni fupi, maneno 700 tu, na linapokea hadi vijana wa miaka 25. Kifaransa kinakubalika, jambo ambalo wenzetu wa Burundi na Kongo wangelitumia vizuri zaidi.

Kuna matangazo mengine yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yakiahidi safari na ufadhili. Kipimo changu ni hiki: wakidai ada ya usajili, ada ya kusomewa kazi, au wakitaka namba ya siri ya simu ya mzazi, achana nao. Yote manne niliyoyataja hapo juu hayahitaji ulipe kitu ili usomwe.

Soma masharti ukiwa na kalamu mkononi

Chukua tangazo lenyewe, si muhtasari uliotumwa na rafiki. Piga mstari chini ya kila sharti: umri au tarehe ya kuzaliwa, lugha, idadi ya maneno, kuandika kwa mkono au kuchapa, muhuri wa shule, saini ya mkuu wa shule, anwani ya kutuma, tarehe na saa ya mwisho. Kisha nakili masharti hayo kwenye karatasi moja na uibandike ndani ya jalada la daftari utakaloandikia. Insha iliyopita ukomo wa maneno huweza kuwekwa kando bila kusomwa, hata iwe nzuri kiasi gani.

Angalia saa kwa makini. Tangazo likisema 23:59 saa za London, katika miezi ambayo wenzetu wako kwenye saa zao za kiangazi hiyo ni saa 7:59 usiku kwetu. Likisema 23:59 saa za Tokyo, kwetu ni saa 11:59 jioni ya siku hiyo hiyo. Anayedhani ana usiku mzima mbele yake atakuta mlango umefungwa kabla hajala chakula cha jioni. Jiwekee tarehe yako mwenyewe, wiki moja kabla ya ile ya tangazo, na uichukulie kuwa ndiyo ya mwisho.

Livunje swali

Hapa ndipo mashindano yanapoamuliwa, na hapa ndipo wanafunzi wanapokaa muda mfupi kuliko kote.

Tuchukue swali la mazoezi nililolitunga mwenyewe: *Vijana wanawezaje kunufaika na biashara ya ndani ya Afrika Mashariki?* Wanafunzi wengi wakisoma hapo wanaona maneno mawili tu, "vijana" na "biashara". Matokeo yake ni kurasa mbili za historia ya Jumuiya, ukurasa wa faida za biashara, na aya moja ya mwisho isemayo serikali iwasaidie vijana. Swali halijajibiwa.

Liandike swali katikati ya karatasi kisha uliulize maswali. Vijana gani? Wa kidato cha nne waliomaliza wakakaa nyumbani, madereva wa bodaboda, au wenye shahada? Huwezi kuwaandikia wote kwa maneno 1,500. Chagua kundi unalolijua. Kunufaika kwa namna gani? Kipato, ujuzi, mtaji? Na neno zito kuliko yote hapo ni "wanawezaje". Linadai njia. Halijauliza kama biashara ni nzuri, wala ilianza lini. Kila aya usiyoweza kuonyesha njia ndani yake haina kazi katika insha hiyo.

Ukishamaliza, andika jibu lako kwa sentensi moja. Moja tu, ya Kiswahili cha kawaida, kama unavyomwambia dada yako jikoni. Mfano: "Vijana waliomaliza kidato cha nne kwenye miji ya mipakani wanaweza kujipatia kipato kwa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kutumia taratibu rahisi za forodha ambazo hawazijui." Sentensi ikikushinda, hujapata insha bado. Rudi kwenye swali.

Kusanya ulichokiona, halafu kilichoandikwa

Anza na macho yako. Kaa sokoni, stendi, kliniki, shambani kwa babu, popote swali linapogusa, ukiwa na daftari. Uliza watu bei, muda, nani hulipwa nini, nini kinawakwamisha. Omba ruhusa kabla ya kumwandika mtu, na jina lake liache.

Kisha tafuta maandishi, na hapa uwe mkali na nafsi yako. Vitabu vingi vya shule bado vinasema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tano. Ziko nane: Kenya, Uganda na Tanzania zilizoianzisha upya, Rwanda na Burundi zilizojiunga 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Umoja wa Forodha ulianza 2005 na Soko la Pamoja 2010, na hivi ni vitu viwili tofauti: cha kwanza kinahusu ushuru wa bidhaa, cha pili kinaongeza uhuru wa watu, kazi, huduma na mitaji kuvuka mipaka. SADC nayo ina wanachama 16; ilianza Lusaka mwaka 1980 kwa jina la SADCC, ikawa SADC Windhoek mwaka 1992. Jaji anayefanya kazi na taasisi hizi akikutana na hesabu ya nchi tano kwenye mstari wa kwanza, imani yake kwako inapungua kabla hajafika kwenye hoja.

Takwimu zitafute kwa wenyewe. Ukitaka idadi ya watu Tanzania, andika 61,741,120 kwa mujibu wa sensa ya 2022, na useme ni ya sensa. Usiandike "takriban watu wengi sana" wala namba uliyoisikia redioni bila kujua imetoka wapi. Namba mbili au tatu zenye chimbuko zinatosha insha nzima.

Andika rasimu ya kwanza

Sasa niseme wazi kuhusu mazoea. Shuleni tumewafundisha kuanza insha kwa "Wahenga hawakukosea waliponena…", au kwa Kiingereza, kwa fasili ya kamusi na "tangu kuumbwa kwa ulimwengu". Tumewapa alama kwa kupachika methali na misemo. Mtihanini inasaidia. Kwenye mashindano jaji ana rundo la insha mbele yake, na nyingi zimeanza hivyo hivyo. Ukianza kama wao, jina lako limezama tayari.

Tazama aya hizi mbili, zote zikijibu swali letu la mazoezi. Ya kwanza:

*Biashara ni muhimu sana katika maisha ya mwanadamu. Tangu zamani watu wamekuwa wakifanya biashara. Katika Afrika Mashariki biashara imeleta maendeleo mengi na vijana ni taifa la kesho. Hivyo basi, serikali inapaswa kuwawezesha vijana ili wanufaike na fursa mbalimbali zilizopo.*

Ya pili:

*Shangazi yangu hununua vitunguu Mang'ola na kuvipeleka Namanga. Akifika mpakani humlipa mtu wa kumvushia mzigo, kwa sababu anaogopa fomu. Hajui kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa ilikotoka, kinachopatikana hapo hapo mpakani, bila ushuru wa forodha. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuijaza fomu hiyo. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kuwa ipo.*

Aya ya kwanza haina kosa la sarufi, lakini ingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote, bila kutoka nje ya darasa. Ya pili ina mtu, mahali, zao, kikwazo, kanuni halisi na njia ya kutokea, na tayari imeanza kujibu "wanawezaje". Angalia pia kwamba mwandishi hakuishia kwa shangazi. Kisa bila kanuni kinabaki soga, na kanuni bila kisa inabaki hotuba.

Mpangilio baada ya hapo usikuumize kichwa. Fungua kwa jambo uliloliona, sema jibu lako mapema kabla ya ukurasa wa kwanza kuisha, kisha toa njia mbili au tatu, kila moja ukiitetea kikamilifu. Wengi hutoa njia nane kwa mistari mitatu mitatu. Mbili zilizochimbwa zina uzito zaidi. Na usiogope kuandika pingamizi: nini kinaweza kuharibika kwenye pendekezo lako, nani atalipa, kwa nini halijafanyika hadi leo. Mwanafunzi anayeliona tatizo la hoja yake mwenyewe na kulijibu humfanya jaji akae sawa kwenye kiti.

Suala la Kiingereza

Mashindano mengi haya yanataka Kiingereza, au Kifaransa, na wanafunzi wengi wa shule za kata hujitoa hapo. Msijitoe. Fikiri kwa Kiswahili, jadili kwa Kiswahili, andika vidokezo vyako kwa Kiswahili. Ila ukifika kwenye rasimu, usitafsiri sentensi kwa sentensi. Funga daftari la vidokezo na useme upya kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi zenye maneno unayoyamiliki. Neno gumu ulilolitoa kwenye kamusi jana usiku huonekana. Jaji anasamehe sentensi nyepesi. Sentensi ndefu iliyojifunga mafundo haimpi hata cha kusamehe.

Rekebisha, tena na tena

Ukimaliza rasimu iache siku mbili tatu. Ukirudi, isome kwa sauti. Utakapokwama kupumua, sentensi ni ndefu. Utakaporuka macho, hapo panachosha, pafute.

Kisha ipitie kwa lengo moja kila mara. Mara ya kwanza tazama swali: chini ya kila aya andika kwa penseli inajibu nini, na isiyojibu itoke hata kama unaipenda. Mara ya pili tazama ukweli: kila jina, mwaka na namba, rudi ulikoitoa ukahakikishe. Mara ya tatu ndipo uangalie tahajia na nukta. Wengi huanza na hii ya mwisho, na hutumia saa nzima kupamba aya ambayo ingefaa kufutwa.

Mpe mtu mmoja asome, na usimuulize kama ni nzuri. Muulize: "Nimesema nini?" Akishindwa kukurudishia ile sentensi yako moja, tatizo ni la insha.

Mwalimu mwenzangu, kazi yetu hapa ni kuuliza maswali na kuzungushia penye kasoro. Tukiandika upya sentensi za mtoto, insha inaanza kuongea kama mtu wa miaka arobaini, na majaji huligundua hilo haraka. Tusimpokonye ushindi wake kwa kumpenda kupita kiasi.

Hali ni hiyo hiyo kwa akili mnemba. Kuitumia kuandika kazi ni sababu ya kuondolewa katika mashindano mengi siku hizi, sawa na kunakili kutoka intaneti. Na hata ingekuwa halali, haijawahi kukaa Mang'ola kuuliza bei ya gunia.

Nakala safi na kutuma

Ikiwa ni ya mkono, tumia karatasi nyeupe ya mistari na kalamu ya bluu au nyeusi, upande mmoja wa karatasi. Kuhesabu maneno: hesabu maneno ya mistari kumi, gawa kwa kumi upate wastani, zidisha kwa idadi ya mistari yote. Mwandiko wa kawaida wenye maneno kumi kwa mstari na mistari 27 kwa ukurasa hufikisha maneno 1,500 karibu na katikati ya ukurasa wa sita.

Ikiwa ni ya kuchapa na huna kompyuta, simu inatosha kuandikia. Steshenari watakutolea nakala. Hakikisha faili limehifadhiwa katika muundo uliotajwa kwenye masharti, na jina la faili liwe jina lako na la shindano, lisiwe "insha mpya mwisho kabisa 3".

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa na usajili wa shule, herufi kwa herufi. Wapo wanaotumia majina mawili shuleni na matatu kwenye cheti, na ushindi ukija inakuwa kazi kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Kama cheti cha kuzaliwa huna, wazazi waanze kushughulikia mapema (kwa Tanzania, ni RITA, wakala wa usajili wa vizazi), kwa sababu ukialikwa nje ya nchi, pasipoti inaweza kukwama bila hicho.

Saini na muhuri wa mkuu wa shule usiviache hadi siku ya mwisho. Mkuu anaweza kuwa kwenye kikao wilayani. Piga picha kila ukurasa kabla ya kukabidhi. Ukituma kwa mtandao, hifadhi ujumbe wa kupokelewa. Ukipitisha kwa ofisi ya elimu, andika tarehe na cheo cha aliyepokea.

Ukishatuma

Matokeo huchukua miezi. Ya SADC kwa kawaida hutangazwa karibu na mkutano wa wakuu wa nchi mwezi Agosti, na ya Jumuiya ya Madola huja kwa barua pepe, hivyo fungua anwani utakayoikumbuka nenosiri lake na uiangalie mara kwa mara, pamoja na kisanduku cha barua taka.

Usiposhinda, chukua nakala yako na ya mshindi ikichapishwa, uzisome sambamba ukitafuta mahali mwenzako alipokaribia swali kuliko wewe. Kisha hesabu umri wako: kama mwakani bado utakuwa ndani ya kikomo, andika mwezi ambao tangazo lilitoka mwaka huu kwenye jalada la daftari lako, na uanze kukusanya sasa.